Kimya cha Mfungwa Namba 786: Stara na Fumbo katika Filamu ya Veer-Zaara

Ikisiri

Makala haya yanaihakiki filamu ya Kihindi Veer-Zaara (2004), iliyoongozwa na Yash Chopra, kwa kutumia dhana mbili zenye mizizi katika maisha na ushairi wa Waswahili, yaani stara na fumbo. Filamu inamtukuza mwanamume aliyekaa kimya gerezani kwa miaka 22 ili kumsitiri mwanamke ampendaye. Makala yanadai kuwa mfungwa wa fasihi ya Kiswahili, kuanzia Fumo Liyongo hadi Sauti ya Dhiki, husitiri kwa kunena na si kwa kunyamaza. Tofauti hiyo inatuwezesha kuliona jambo ambalo filamu imelipita upesi, kwamba katika mapatano yote yaliyofanywa kwa ajili ya stara ya Zaara, yeye mwenyewe hakuulizwa.

1. Utangulizi

Mtazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa kwa filamu za Kihindi. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonesha jinsi majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika yalivyovuta watu wa dini na asili mbalimbali waliokwenda kutazama filamu hizo, wengi wao bila kuijua lugha yake. Lahani zake ziliingia katika taarabu, na visa vyake vikawa mazungumzo ya barazani. Pamoja na hayo, katika uhakiki wetu filamu hizi mara nyingi hutajwa kama chanzo cha athari tu, kana kwamba kazi yake ilikuwa kutuazima nyimbo. Ni mara chache zinasomwa kama matini, na ni mara chache zaidi zinasomwa kwa istilahi zetu wenyewe.

Veer-Zaara inafaa kusomwa hivyo. Ni kisa cha mapenzi yaliyokatazwa na mpaka, dini na hadhi ya ukoo, na cha utengano uliochukua miaka 22. Kinachoibeba, hata hivyo, ni kitendo kimoja: mtu kufunga mdomo wake ili jina la mwingine lisichafuke. Mtazamaji wa Kiswahili hulitambua jambo hilo mara moja na kuliita stara. Hoja yangu ni kwamba utambuzi huo wa haraka unatudanganya kidogo. Neno tulilo nalo lina masharti ambayo filamu haikuyatimiza, na ushairi wetu una mfano wa mfungwa unaoyaweka wazi masharti hayo.

2. Kisa na mpangilio wake

Filamu inaanzia mwisho. Saamiya Siddiqui (Rani Mukerji), wakili kijana wa Pakistan anayeshika kesi yake ya kwanza, anaingia katika gereza la Lahore kuonana na mfungwa wa Kihindi ambaye kumbukumbu za gereza zinamwita Rajesh Rathore na askari wanamwita kwa namba yake, 786. Mfungwa huyo hajasema na mtu kwa miaka 22. Saamiya anamwita kwa jina lake la kweli, Veer Pratap Singh, na mzee yule (Shah Rukh Khan) anainua uso. Sehemu kubwa ya filamu ni simulizi anayompa wakili huyo kwa mbinu rejeshi.

Alikuwa rubani wa uokoaji katika jeshi la anga la India. Zaara Hayaat Khan (Preity Zinta), binti wa mwanasiasa wa Lahore, alivuka mpaka peke yake kupeleka Kiratpur majivu ya yaya wake, mwanamke wa dini ya Singasinga aliyekuwa amemlea na ambaye usia wake ulikuwa kurudishwa katika ardhi ya watu wake. Basi alilopanda likapata ajali milimani, naye Veer akamwokoa. Baadaye akamwomba ampe siku moja ya maisha yake, akampeleka kijijini kwao Punjab kwa wazee waliomlea, na huko Zaara akamshawishi mzee wa kijiji kuanzisha shule ya wasichana. Kituoni, wakati wa kuagana, Veer aligundua kuwa Zaara amekwisha kuposwa na Raza Shirazi (Manoj Bajpayee), posa iliyofungamana na siasa za baba yake.

Shabbo, mtumishi na msiri wa Zaara (Divya Dutta), ndiye aliyempigia Veer simu kumweleza hali ya bibi yake. Veer akaacha jeshi, akaenda Lahore, na Zaara akamkumbatia mbele ya kadamnasi. Baba yake akaanguka kwa mshtuko. Mama yake, Mariam, akaenda kwa Veer kumsihi aondoke, naye akakubali. Kabla hajaondoka, Raza alimsingizia ujasusi na kumpa hiari isiyo hiari: atie saini kuwa yeye ni Rajesh Rathore, jasusi wa India, ama maisha ya Zaara yaharibiwe. Veer akatia saini. Basi ambalo angelipanda likaanguka bondeni, na wote waliomjua wakaamini amekufa.

Hapa simulizi ya mfungwa inakoma, kwa kuwa ndipo ujuzi wake unapokoma. Mtazamaji naye anaachwa katika ujinga uleule. Wote wawili wanaamini kuwa Zaara aliolewa na kwamba kimya kile kinailinda nyumba yake. Aditya Chopra, mwandishi wa filamu hii, ameufuma mpangilio huu kwa ustadi ambao hatuna budi kuukiri, maana thamani ya kujitolea kwa Veer inapandishwa kwa muda mrefu juu ya msingi ambao baadaye tutagundua haukuwapo.

3. Stara kama amana

Katika matumizi ya Kiswahili, kumsitiri mtu ni kumfunika. Nguo husitiri mwili, nyumba husitiri dhiki za wenyewe, na jirani mwema husitiri aliyoyasikia usiku kupitia ukutani. Maiti husitiriwa kaburini. Katika matumizi yote haya kuna pande mbili: kitu chenye kuaibika kikionekana, na mtu aliyepewa, kwa bahati au kwa kuaminiwa, uwezo wa kukifichua. Kwa hiyo stara ni aina ya amana. Mwenye kusitiri hamiliki anachokisitiri, amewekewa tu.

Tukiishika maana hiyo, kimya cha Veer kinaonekana kwanza kuwa stara kamili. Alichonacho ni habari: kwamba binti wa Hayaat Khan alimpenda mgeni wa nchi na dini nyingine hata akamkimbilia mbele ya watu. Akisema yeye ni nani, atalazimika kusema kwa nini alikuja Lahore, na akisema kwa nini alikuja Lahore, Zaara atafichuka. Hata baada ya miaka 22, anapokubali kutetewa, anamwekea Saamiya sharti kuwa jina la Zaara na la familia yake yasitajwe mahakamani.

Tatizo linaanza tunapouliza amana hii aliiweka nani. Tuwahesabu waliokubaliana. Mariam alimwomba Veer aondoke, naye Veer akaridhia. Hayo ni mapatano ya mama na mgeni. Raza alimtaka Veer atie saini, naye akatia. Hayo ni mapatano ya mposaji na mfungwa. Baadaye Veer alimwapisha Saamiya. Hayo ni mapatano ya mteja na wakili wake. Katika mapatano yote matatu kinachojadiliwa ni Zaara, na katika yote matatu Zaara hayupo. Tena kitendo chake cha mwisho kabla ya mapatano hayo kilikuwa kinyume cha kufichwa. Alijifunua mwenyewe, mbele ya wazazi na wageni. Ikiwa aibu ilikuwapo, yeye alikwisha kuichagua.

Mhakiki anaweza kunijibu kwamba ninalipa neno la Kiswahili mamlaka juu ya filamu ya watu wengine, na kwamba katika filamu hizi dhana inayotawala ni heshima ya ukoo, ambayo si mali ya binti peke yake. Nakubali nusu ya jibu hilo. Heshima ya ukoo ndiyo inayomsukuma Mariam, na filamu inamwonesha kwa huruma inayostahili, kwani ni mke anayemwona mumewe akikaribia kufa. Lakini Veer hasemi kwamba anauhifadhi ukoo wa Hayaat Khan. Anasema, na filamu inasema pamoja naye, kuwa anamhifadhi Zaara. Hapo ndipo tunapokuwa na haki ya kuuliza kama Zaara alihifadhika.

Methali zetu zenyewe hazikubaliani juu ya jambo hili. Zipo zinazosifu kufunika, na ipo ile isemayo mficha uchi hazai. Lugha iliyobeba mafundisho hayo mawili bila kuona haya inajua kuwa stara ina mpaka, na kwamba ukiuvuka unakuwa umeuziba hata mlango wa uzazi. Miaka 22 ni mfano mkubwa mno wa mpaka uliovukwa.

4. Mfungwa anayenena

Tumlete sasa mfungwa wa kwetu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, kama ulivyoandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa amefungwa kwa hila za mfalme wa Pate na anangojea kuuawa. Chakula anacholetewa na mjakazi Saada, kutoka kwa mama yake, walinzi hukila kila kilipo kizuri. Liyongo anatunga maneno, anampa Saada, na Saada anayafikisha: mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa pumba, wanaudharau, wanampelekea. Liyongo anaomba, kama haja yake ya mwisho, achezewe gungu. Na ngoma inapopamba moto nje, ndani anakata pingu zake kwa tupa ile.

Kisa hiki kinajulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na kwa kawaida tunakisoma kama kisa cha ushujaa na werevu. Nataka tukisome kama kisa cha stara. Tupa imesitiriwa na mkate. Mkate umesitiriwa na udhalili wake. Mlio wa chuma kukata chuma umesitiriwa na ngoma. Hakuna mahali katika mpango wote ambapo jambo linafichwa kwa kunyamaza. Sauti inafunikwa kwa sauti. Tena mpango hauwezi kukamilika bila watu watatu kushirikishwa wakijua wanachokifanya: mfungwa, mjakazi na mama. Fumbo, kama tunavyosema, mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Yaani fumbo ni usemi unaowagawa wasikilizaji wake, ukawaacha walinzi nje na kumwingiza mama ndani. Kimya hakina uwezo huo. Kimya kinawaacha wote nje, mlinzi na mpenzi pamoja.

Mapokeo hayo hayakukatika. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwishoni mwa mwaka 1968 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, baadhi yake akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Anwani yenyewe ya diwani ni jibu kwa gereza: dhiki ina sauti. Mojawapo ya mashairi hayo, Kuno Kunena, linaichukulia adhabu ya kusema kuwa ndiyo mada ya kusema tena. Mengine yanazungumza kupitia viumbe na vitu, kama mamba au jipu, ili msomaji anayejua ajue. Na hata katika Haini (2003), riwaya ya Adam Shafi kuhusu watu waliotiwa kizuizini Zanzibar, ambamo kauli za kukiri hutolewa kwa mateso, usimulizi unaishi kwa yale ambayo waliofungwa wanayafikishiana.

Sidai kwamba Veer alipaswa kukata pingu zake, wala kwamba mpenzi anapaswa kupimwa kwa mizani ya shujaa wa utendi. Alikuwa ugenini, katika gereza la nchi iliyokuwa na uadui na yake, na hakuwa na Saada. Hata hivyo filamu haisemi kuwa alikosa njia. Inasema alichagua. Wakuu wa gereza wanamweleza Saamiya juu ya mtu asiyetamka neno, na filamu inakitaja kimya hicho kwa namna ya kukisifu. Kwa mtazamaji wa Kiswahili linazuka jambo dogo la kuchekesha, ambalo naliweka hapa kwa kuwa halina mahali pengine: neno la Kiurdu la mfungwa, qaidi, ambalo Veer hulitumia kujiita, sikioni mwetu linasikika kama kaidi. Maneno hayo mawili hayana maana moja, lakini kosa hilo la sikio si baya kama tafsiri. Mfungwa huyu ni mkaidi pia.

Na Saada alikuwapo. Katika nusu ya kwanza ya kisa, anayefanya kazi ya Saada ni Shabbo. Yeye ndiye aliyepeleka maneno ng'ambo ya mpaka, na kwa sababu ya maneno yake Veer aliacha kazi na kuja. Kila Shabbo anapofikisha neno, kisa kinasogea. Kuanzia pale Mariam na Raza wanapoichukua nafasi ya kuzungumza na Veer, mjumbe huyu anatoweka katika mapatano, na kisa kinaganda kwa miaka 22. Nadhani mwandishi wa filamu hakukusudia tusome hivyo, lakini msuko wake unaruhusu.

5. Jina ndani ya jina

Sehemu ya filamu iliyo imara kuliko zote, kwa maoni yangu, ni fundo lililofungwa katika kesi. Mahakama haiulizi kama Veer alipenda. Inauliza yeye ni nani. Serikali inasema ni Rajesh Rathore, na ina saini yake. Saamiya anasema ni Veer Pratap Singh, na hana karatasi. Kwa nje ni suala la utambulisho ambalo lingeweza kumalizwa na shahidi yeyote wa kijijini kwake. Kwa ndani ni jambo gumu zaidi: mtu huyu amelificha jina lake ndani ya jina la mwanamke, na amelifunga jina la mwanamke kwa kiapo. Huwezi kumrudishia la kwake bila kuligusa la Zaara.

Namba 786 inazidi kulikaza fundo hilo. Waliozoea hesabu ya abjadi, ambayo wataalamu wa falaki wa pwani yetu wanaijua vizuri, watatambua kuwa hiyo ndiyo jumla ya herufi za Bismillahi kama inavyohesabiwa na Waislamu wengi wa Bara Hindi. Gereza limempa mtu asiye Mwislamu namba ya baraka za Waislamu bila kukusudia. Kwa hiyo ana majina matatu: moja alilopewa na wazazi, moja alilopewa na adui, na moja ambalo, kwa mantiki ya filamu, amelipewa na Mungu kwa mkono wa karani wa gereza. Jina la uongo limeandikwa kwa herufi, na la ulinzi kwa tarakimu. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo filamu inafumba badala ya kunyamaza, na inafumba vizuri.

Saamiya analikata fundo kwa kulitii. Hataji jina mahakamani. Anasafiri kwenda kijijini kutafuta mtu wa kuthibitisha utambulisho wa mteja wake. Huko anamkuta Zaara, akiwa na Shabbo. Zaara aliposadiki kuwa Veer amekufa aliiacha Lahore, akahamia kijiji cha Veer na kuiendesha ile shule ya wasichana aliyoiasisi kwa siku yake moja. Nyumba ya ndoa ambayo mfungwa alikuwa akiilinda kwa kimya chake haikuwapo. Na mtu ambaye mwanamke alikuwa akimuomboleza hakuwa amekufa. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa jambo lisilokuwapo.

Zaara anarudi Lahore na kuingia mahakamani kwa hiari yake. Kisheria sharti la Veer halikuvunjwa. Aliyesitiriwa amejifunua mwenyewe, kama alivyofanya miaka 22 kabla. Hili ndilo jibu sahihi kabisa kwa tatizo nililolieleza kuhusu amana, na nililitazama kwa furaha ya mtu anayeona hoja yake ikithibitishwa na mpinzani. Lakini angalia kinachofuata. Kuingia kwa Zaara kunapewa muziki, machozi na kumbatio. Zakir Ahmed (Anupam Kher), wakili wa upande wa pili mwenye sifa ya kutoshindwa, anapewa nafasi ya kukiri kushindwa kwake mbele ya mwanafunzi wake wa zamani. Hakimu anapewa maneno ya kuomba radhi. Kisha Veer, aliyenyamaza miaka yote, anapewa shairi refu la kughani mbele ya mahakama, juu ya nchi mbili zinazofanana udongo na mapito ya maisha. Ni tukio lenye nguvu. Javed Akhtar, mtunzi wa nyimbo za filamu hii, ni mshairi wa ngazi ya juu, na tungo za filamu zina uzito wake. Ila mtu pekee katika chumba kile ambaye ushahidi wake ulihitajika ndiye aliyepewa maneno machache. Amekuja kama shahidi na amepokewa kama picha.

6. Miaka ambayo haikupigwa picha

Filamu ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Siku za kijijini na siku za Lahore zimepewa muda wote zinaoutaka: nyimbo, mashamba ya Punjab, moto wa sikukuu ya Lohri, ndoto za Zaara anayemwona Veer kila anapogeuka. Miaka 22 haikupewa karibu chochote. Inarukwa kwa nywele nyeupe na mabega yaliyoinama. Utengano ambao ndio unaoipa hadithi uzito umewekwa kama tarakimu, na mtazamaji anaombwa aujaze mwenyewe.

Kwa upande wa Veer uamuzi huo unaeleweka, kwani kimya hakina visa. Lakini kwa upande wa Zaara ni hasara ya kisanaa, maana miaka yake haikuwa mitupu. Mwanamke Mwislamu wa tabaka la juu la Lahore anahamia kijiji cha Kihindi, katika nchi ambayo kwao inaitwa adui, anaishi na wazee wa mtu anayedhaniwa kuwa marehemu, anawazika wazee hao, na anafundisha mabinti kusoma. Alimezwa vipi na kijiji? Alisali wapi? Jirani wa kwanza aliyemwamini ni nani, na ilichukua misimu mingapi? Ningebadilisha nyimbo mbili za filamu hii, pamoja na mapenzi yangu kwa sauti ya Lata Mangeshkar, kwa robo saa ya majibu ya maswali hayo. Hapo ndipo palipokuwa na filamu ya pili, na labda iliyo bora zaidi.

Yapo mambo nje ya filamu yanayoeleza kwa nini macho yake yalielekea kwingine. Yash Chopra alizaliwa Lahore mwaka 1932, katika mji ambao mgawanyo wa mwaka 1947 uliuweka upande wa pili wa mpaka. Kwa msanii wa kizazi hicho, kuiona Lahore ikimrudishia mtu wa Punjab jina lake na kumwomba radhi ni shauku inayotosha kuijaza filamu nzima. Hata muziki una historia ya aina hiyo: ni lahani za Madan Mohan, aliyefariki mwaka 1975, zilizohuishwa na mwanawe Sanjeev Kohli karibu miaka thelathini baadaye. Kwa hiyo filamu yenyewe ni kazi ya kuwarudishia waliotengwa sauti zao. Lakini imemrudishia mwana aliyepotea zaidi ya ilivyomrudishia mwanamke aliyehama.

Zaara hakunyamaza katika miaka yake. Aliisitiri kumbukumbu ya Veer kwa kuifunika na kazi, kama ngoma ilivyoifunika tupa: kila siku ya shule ilikuwa utekelezaji wa ahadi aliyoitoa mbele ya mtu yule, na hakuna mwanakijiji aliyehitaji kuambiwa kisa chote ili watoto wake wasome. Ikiwa katika filamu hii kuna anayefanya jambo lililo karibu na fumbo la Liyongo, ni yeye. Filamu ilikuwa na mfano huo mikononi mwake ikauonesha kwa dakika chache, ikarudi haraka kwa mfungwa wake.

Katika tukio la mwisho Veer na Zaara wanavuka mpaka pale Wagah, na Saamiya anawaaga akiwa upande wa Pakistan. Wote watatu wanapewa picha ya kufungia. Shabbo, aliyeiacha Lahore miaka 22 iliyopita bila kuwa na mpenzi wa kumuomboleza wala ahadi yake mwenyewe ya kuitimiza, hakutengewa wimbo hata mmoja.